Nyimbo za Mlimani katika Daftari la Mgeni

Mwezi Septemba 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro zama za ukoloni wa Kijerumani vimeafikiana na vinasaba vya watu walio hai hapa kwetu. Fuvu moja lilitambuliwa kuwa la msaidizi wa karibu wa Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. La Mangi mwenyewe halikuwamo katika tangazo lile. Miezi miwili baadaye Rais wa Ujerumani alifika Songea akaomba radhi. Tangu hapo mazungumzo ya kurejeshwa kwa mabaki ya wazee wetu yamekuwa hayakauki vinywani, na ni haki yasikauke.

Leo tunapenda kukizungumzia kitu kingine kilichotoka katika mlima ule ule kikafika nchi ile ile. Hakina mfupa wala hakihitaji kaburi, na pengine ndiyo maana hakijadaiwa na mtu. Tunazungumzia nyimbo.

Ndugu zetu wa Visiwani huenda wakauliza: nyimbo za Wachagga zatuhusu nini sisi tulio kati ya karafuu na bahari? Twawaomba wavute subira kidogo, kwani tutafika huko.

Miaka miwili tu baada ya Mangi Meli kunyongwa, yaani mwaka wa 1902, aliwasili nchini kijana wa Kijerumani jina lake Bruno Gutmann, mzaliwa wa Dresden mwaka wa 1876, mtumishi wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig. Misheni hiyo ilikuwa imekwisha kuanza kazi Kilimanjaro tangu 1893. Gutmann alikaa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi katika Moshi ya Kale, mahali paitwapo Kidia, juu kabisa ya mji wa Moshi wa leo, ambako migomba na mibuni hufunika nyumba na maji ya mifongo hupita mbele ya milango. Waingereza walimwondoa mwaka wa 1920 baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Akarudi katikati ya miaka ya 1920. Akaondoka moja kwa moja mwaka wa 1938. Alifariki Ujerumani mwaka wa 1966, wakati ambapo nchi aliyoiacha mikononi mwa Waingereza ilikuwa imekwisha kuwa Jamhuri ya Muungano.

Mtu huyu aliandika. Hapana neno jingine lifaalo. Alitoa vitabu zaidi ya ishirini na makala kwa mamia. Mwaka wa 1909 alitoa kitabu cha utunzi na fikira za Wachagga. 1914 mkusanyo wa ngano zao. 1926 kitabu kikubwa cha sheria zao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 nyimbo zao katika jarida la lugha. Kisha, kati ya 1932 na 1938, juzuu tatu nene za mafundisho ya jando na ya maisha, ambayo vijana wa Kichagga walipewa na wazee wao. Hata hao wa mlimani wenyewe, laiti wangekaa chini kuhesabu, wasingeamini ni kiasi gani cha maneno ya babu zao kimo humo.

Humo mna mambo ambayo msomaji wa Visiwani atayatambua mara moja. Sisi tunao unyago, na wengi wetu tuliishi zama moja na marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, naye alijua kwamba somo la unyago haliandikwi ubaoni bali hupigwa ngoma na kuimbwa. Wachagga nao walikuwa na fimbo iitwayo mregho, iliyochongwa alama mfululizo. Mwalimu huishika fimbo, akapitisha kidole katika alama moja baada ya nyingine, na kila alama ina somo lake na wimbo wake: mimba hukuaje, mzazi aheshimiwe vipi, mwili wa mwanadamu umefumwa namna gani. Sisi tuliosomea chuoni, tuliopitisha kijiti juu ya herufi za msahafu huku Maalim akisubiri kosa, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Elimu ya kijiti na sauti twaijua.

Aliandika pia maneno ya watu waliokwenda kukata mti wa kuchonga mzinga wa nyuki. Mti ule haukukatwa kimya kimya. Mwenye mti aliuaga kama mzazi anavyomwaga binti anayeolewa, na wakataji wakausemesha kama watu wa upande wa mume waliokuja kuchukua mchumba. Tumesoma mengi juu ya hifadhi ya misitu, mengine yakiwa yamepigwa mihuri mingi sana. Ni machache yaliyotuonyesha thamani ya mti kama hayo.

Basi, kosa liko wapi? Kosa la kwanza ni kwamba hazina hii imefungwa ndani ya Kijerumani. Baadhi ya vitabu hivyo vilifasiriwa kwa Kiingereza huko Marekani kwa matumizi ya wataalamu, na vimebaki katika rafu za wataalamu. Mjukuu wa mtu aliyeketi Kidia akamwimbia Gutmann hawezi leo kuusoma wimbo wa babu yake mpaka ajifunze lugha ya waliomnyonga Mangi wake.

Kosa la pili ni la mkusanyaji mwenyewe. Gutmann aliupenda Uchagga, lakini aliupenda ule alioukuta, na alitaka ubaki vile. Alishikilia kwamba mwanadamu husimama kwa ukoo, ujirani na rika, nasi hatumbishii. Lakini aliuogopa mji, aliishuku fedha, na katika mafundisho yake alikipendelea Kichagga kuliko Kiswahili. Wakati yeye akiyaandika ya kale, Wachagga waliomzunguka walikuwa wakifanya jipya: wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka wa 1925, na mwaka wa 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU, kikongwe miongoni mwa vyama vya ushirika Afrika. Vijana wa ngasi walikuwa wamekwisha kuwa wanachama wenye vitabu vya hesabu. Hawakuacha kuwa Wachagga kwa sababu hiyo. Mkusanyaji anayependa wimbo huku akihofia maisha ya mwimbaji ni mtu wa kutazamwa kwa makini.

Wala hali hii haikuwa ya Wajerumani peke yao. Mwaka wa 1879, miaka mitatu baada ya Gutmann kuzaliwa, alizaliwa huko Annonay, Ufaransa, mtunzi wa muziki Joseph Canteloube. Huyu naye alikuwa mtu wa milima, milima ya Auvergne katikati ya Ufaransa. Alisoma Paris katika skuli ya muziki ya Schola Cantorum chini ya Vincent d'Indy, akatunga opera mbili zilizochezwa katika jumba kubwa la opera la Paris, ya kwanza mwaka wa 1929. Opera hizo leo hazisikiki sana. Jina lake limebaki kwa sababu ya kazi nyingine kabisa: alipanda milimani akawasikiliza wachungaji na wakulima, akaandika nyimbo zao, kisha akazitungia ala za okestra. Mkusanyo huo uitwao Chants d'Auvergne ulitoka kwa mafungu tangu miaka ya 1920 hadi miaka ya 1950. Mwaka wa 1951 alitoa tena mkusanyo mkubwa wa nyimbo za jadi za majimbo ya Ufaransa, juzuu nne. Alifariki 1957.

Na lugha je? Nyimbo za Auvergne haziimbwi kwa Kifaransa cha Paris. Ziko katika lugha ya wenyewe, jamaa ya Kioksitani, ambayo skuli za serikali ya Ufaransa ziliwaadhibu watoto kwa kuisema. Canteloube aliiacha kama ilivyo. Hadi leo waimbaji wa opera wa mataifa mengi hujifunza matamshi ya wachungaji wale ili wapate kuuimba wimbo wa mchungaji anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Lugha iliyochapwa bakora skulini ikapanda jukwaani ikiwa imevaa kanzu ya sherehe.

Wapo waliomlaumu kwa kanzu hiyo. Walisema zumari na fidla zote zile ni za nini katika wimbo wa mtu mwenye fimbo na mbwa? Jawabu lake lilikuwa kwamba mchungaji aimbapo haimbi peke yake. Yuko ndani ya upepo, bonde na mwangwi, na ukimtoa huko ukamweka karatasini umeleta nusu ya wimbo. Nusu ya pili mtunzi hana budi kuirejesha kwa ala. Tunaona jawabu hilo lina nguvu, ijapokuwa si kila mtunzi angepaswa kupewa ruhusa hiyo.

Lakini Canteloube naye, kama Gutmann, alimpenda mkulima wa zamani kuliko mkulima aliye hai, na mapenzi ya namna hiyo yana hatari yake kisiasa. Ufaransa ilipoangukia mikononi mwa Wajerumani wa Hitler, serikali ya Vichy iliyoshirikiana nao iliimba sana sifa za ardhi na ukulima wa jadi, na mtunzi huyu alijiunga na kazi zake mwaka wa 1941. Hatulisemi hili ili kuzichoma nyimbo zake. Wachungaji waliozitunga hawakuwamo Vichy.

Turudi nyumbani. Ukishuka kutoka Moshi kuelekea Arusha, kabla ya kufika mjini unapita Usa River, na hapo Makumira pana chuo cha Walutheri. Katika miaka ya 1960 alifundisha hapo Mmarekani Howard Olson. Aliona jambo ambalo kila mtu alikuwa akiliona na hakuna aliyelisema: makanisa ya Waafrika yalikuwa yakiimba sauti za Ujerumani na Uingereza, na maneno ya Kiswahili yakibanwa humo kama mguu katika kiatu cha mwingine. Kiswahili kina mkazo wake. Sauti ya Ulaya ina wake. Hivyo viwili vikigongana, neno hupotea. Olson akawahimiza wanafunzi wake walete sauti za kwao na kuzitungia maneno. Mkusanyo wao, Tumshangilie Mungu, ulitoka mwaka wa 1968. Mmoja wa wanafunzi hao, Bernard Kyamanywa, aliichukua sauti ya Kihaya akaitungia wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya. Wimbo huo umo leo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Marekani. Mwandishi wa safu hii si mtu wa kanisa hilo, lakini sauti ya Bukoba kuimbwa Minnesota ni fahari ya taifa, na twaihesabu hivyo.

Hapa ndipo msomaji aone tofauti. Gutmann aliyaokoa maneno, na sauti ikabaki kooni mwa waliokufa. Makumira waliiokoa sauti, na maneno ya kale yakaondoka, kwa kuwa wao walihitaji mapya. Canteloube aliyachukua yote mawili akayavika nguo asiyoivaa mchungaji. Hakuna hata mmoja aliyechukua bila kuacha kitu njiani.

Tulipanda Kidia asubuhi moja, Kibo ikiwa wazi kabla ya mawingu kuifunika kama ilivyo desturi yake. Katika kihamba kimoja tulimkuta mzee wa miaka themanini na zaidi, ameketi juu ya kigoda karibu na ndizi zilizokatwa.

"Shikamoo, mzee wetu."

"Marahaba, wanangu. Mmetoka mbali, naona. Karibuni kiti."

Tulikuwa tumechukua fasiri yetu ya Kiswahili, iliyotokana na Kiingereza kilichotokana na Kijerumani kilichotokana na Kichagga, ya maneno yale ya kuuaga mti wa mzinga. Tukamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka kwa adabu.

"Baba yangu hakusema hivyo," akasema. "Alisema karibu na hivyo. Kila ukoo ulikuwa na wake."

Tukamwuliza kama anakumbuka wimbo wowote wa kusagia ulezi. Akaanza. Sauti ilitoka nzima, haikutikisika, lakini maneno yakamwishia katikati, naye akabaki anavumisha. Hapo mkewe, ambaye alikuwa jikoni na hatukujua kwamba anasikiliza, akaumalizia wimbo kutoka ndani bila kutoka nje. Wakaanza kubishana juu ya neno moja. Tukawauliza watoto wao wangapi wanaujua wimbo huo. Mzee akatuambia kwamba wanakuja wote Desemba, kama ilivyo ada ya Wachagga, na wajukuu hupiga picha nyingi kwa simu: picha za ng'ombe, za mbege, za mlima.

Katika kumbukumbu ya Uchagga kuna kazi mbili ambazo zingepasa kutajwa kila mara Gutmann anapotajwa. Ya kwanza ni ya mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu, aliyefariki 1927, ambaye alijaza madaftari kwa historia ya watawala wa mlimani. Wageni walioandika vitabu juu ya Kilimanjaro walichota kwake. Ya pili ni kitabu cha Petro Itosi Marealle, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka wa 1947. Mchagga aliandika juu ya Wachagga, na akaandika kwa Kiswahili, ili Mswahili, Mpare na Mnyamwezi wasome. Tungekuwa na Mameku ishirini wa namna ya Marealle, mjadala huu usingekuwapo.

Sasa tufike Visiwani. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kwenda kurekodi santuri, na Shaaban Robert baadaye akamwandikia wasifu. Kwa sababu ya safari ile, sauti ya mwanamke wa Fumba ingali inasikika. Twajua Siti alivyoimba, hatuhitaji kukisia. Katika miaka ile ile ambapo mashine ya kampuni ya biashara ilikuwa ikiinasa sauti ya Siti, Gutmann alikuwa akiandika nyimbo za Kidia kwa kalamu. Tofauti ya hatima za nyimbo hizo mbili ni tofauti ya mashine na kalamu, wala hakuna ubora wa pwani juu ya bara ndani yake. Na tusijisifu kupita kiasi. Nyimbo za wavuvi wa Makunduchi na za wapura karafuu wa Pemba, ngapi ziko katika kanda?

Wako wenzetu katika chama na serikali ambao husikia neno Kichagga, au Kihaya, au Kimakunduchi, wakanusa ukabila. Tunaielewa hofu yao, kwani taifa hili lilijengwa kwa kukataa ukabila, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Lakini Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka wa 1962, alilalamika kwamba tulifundishwa kucheza ngoma za wageni tukazisahau zetu, na zetu alizozitaja zilikuwa za makabila. Utamaduni wa taifa alioutaka ungeokotwa huko. Ukabila ni kumnyima Mtanzania kazi au haki kwa ajili ya alikozaliwa. Kumwuliza bibi wa Kidia neno lililomponyoka mumewe hakumnyimi mtu chochote.

Kazi yenyewe si ngumu kiasi cha kuhitaji kongamano. Radio Tanzania ilizunguka nchi hii miaka mingi ikirekodi ngoma, na kanda zake zilirithiwa na shirika la utangazaji la taifa. Mkoa wa Kilimanjaro unaweza kuomba orodha ya zilizorekodiwa kwake. Vyuo vyetu vikuu vina watu wanaosoma Kijerumani. Wapewe juzuu za Gutmann, na kila ukurasa wa fasiri usomwe mbele ya wazee wa Moshi ya Kale kabla ya kupigwa chapa, ili penye "karibu na hivyo" pasahihishwe. Simu zile za Desemba zinanasa sauti vizuri kuliko mashine iliyomnasa Siti. Afisa utamaduni wa wilaya awape wajukuu mahali pa kuzipeleka sauti hizo, na jina la mwimbaji liandikwe juu, kwani katika majalada ya vitabu vyote tulivyovitaja, jina lililochapwa kwa herufi kubwa si la aliyeimba.

Na katika mazungumzo ya serikali yetu na Ujerumani juu ya mabaki ya wazee wetu, ambayo twayaunga mkono kwa dhati, tunapendekeza iongezwe ibara moja: nakala ya kila karatasi na kila sauti iliyochukuliwa kutoka nchi hii na kuhifadhiwa huko iletwe, pamoja na gharama ya kuifasiri. Hifadhi ya sauti ya Berlin ilianza mwaka wa 1900, mwaka ule ule wa Mangi Meli, na mwaka wa 1909 zilikwisha kuchapishwa huko nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa katika nta. Orodha zake zipo. Mzee wa Kidia ana miaka themanini na zaidi, na mkewe hayuko nyuma yake sana.